Jua, Wingu, Balbu

Kamera ile niliichukia kabla sijajua hata inavyowashwa. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, inaenea kiganjani, na ukiiwasha inatoa mdomo wake nje polepole kama kobe anayechungulia kama kuna usalama. Daktari aliileta karakanani Jumatatu asubuhi ikiwa ndani ya kisanduku chake, akaiweka juu ya meza ambayo si yangu. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipoanzia, ingawa hakuna mwingine aliyejua kwamba kuna ugomvi.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nimeyatengeneza kwa miaka ishirini na sita katika chumba kile kile nyuma ya kliniki, na plasta yangu, na nta yangu, na tanuri langu dogo la kuchomea kauri. Magego mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kuyatengeneza. Jino la mbele ndilo lenye kesi, kwa sababu linakaa katikati ya wenzake na kila unayezungumza naye analitazama. Likizidi weupe kidogo, utaonekana umeazima. Likizidi unjano, utaonekana hujui mswaki. Rangi ndiyo kazi yenyewe, na rangi ndiyo iliyonipa jina. Kliniki nzima, kuanzia Daktari mpaka mama wa usafi, waliniita Jicho.

Utaratibu wangu ulijulikana. Mgonjwa analetwa dirishani kwangu saa nne asubuhi, wakati mwanga umetulia. Kama ana rangi ya mdomo anaifuta, kama ana nguo ya kuwaka namfunika kifua kwa kitambaa cha kijivu. Natoa ufito wangu wenye vijino kumi na sita vya mfano, kila kimoja na namba yake, navisogeza kimoja kimoja karibu na meno yake. Nahesabu hadi tano tu kisha naangalia pembeni, maana jicho likikodolea jino kwa muda mrefu huchoka na kuanza kukubali kila kitu. Halafu nataja namba. Nikishaitaja, hakuna wa kuniuliza mara mbili.

Basi Daktari alikuwa ameajiri fundi wa pili, na meza ile ilikuwa yake. Alisema kazi imetuzidi, na kweli ilikuwa imetuzidi. Fundi huyo alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye adabu kupita kiasi, shikamoo yake inafika mlangoni kabla yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilisubiri kupona, nikaona naugua. Binti yule hakumpeleka mgonjwa dirishani akahesabu tano. Alimkalisha, akamwambia acheke, akatoa kile kikamera akapiga mara tatu, na mgonjwa akaenda zake kazini. Kisha yeye anakaa mbele ya kompyuta na kutengeneza jino huku akitazama picha. Kimoyomoyo nikambatiza Flashi, na nyumbani kwangu hakuwahi kuwa na jina lingine.

Sitazunguka: nilimwonea wivu. Niliona wivu Daktari alipoinama naye kwenye skrini, vichwa vinakaribia kugongana, akisema tazama, mpaka michirizi ya jino inaonekana. Michirizi hiyo mimi nimeichora kwa brashi ya nywele tatu tangu Flashi yuko shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuinama nami. Niliona wivu wagonjwa walipoanza kumuulizia yeye. Niliona wivu hata mama wa usafi alipopigwa picha akaibandika juu ya sinki, na kila nikinawa mikono ikawa ananicheka.

Mke wangu alisikia habari hizi kila jioni. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, wale wa miaka minne na mitano, na kazi yake kubwa ni kuimba na kucheka kinywa wazi ili na wao wafungue vinywa. Kicheko chake kinatangulia kufika nyumbani. Aliponivumilia wiki mbili akaweka kijiko chini akasema, "Baba, huyo Flashi wako mwisho wake nitamwonea wivu mimi. Humalizi sahani bila kumtaja."

Nikamwambia hajui kinachonisibu. Akasema anajua, ila hakutaja ni nini.

Alhamisi moja kijiwe kilichojificha kwenye wali kikamvunja jino la mbele la juu, upande wa kushoto. Lilibaki kisiki. Nilimpeleka kwa Daktari mwenyewe, nikiwa nimeshapanga kila kitu kichwani: nitamkalisha dirishani kwangu, nitahesabu tano, na nitamtengenezea jino ambalo hata mama yake mzazi asingelitambua kuwa si lake. Daktari akakichonga kisiki, akakifunika kwa kipande cha plastiki cha kushikilia siku chache, kisha akaniita pembeni.

Mwaka ule meno yangu matatu yalikuwa yamerudishwa. Wagonjwa walisema rangi imekataa. Wa kwanza nilimwambia apunguze chai. Wa pili nilimwambia ni taa za nyumbani kwake. Wa tatu nilimwambia akanunue kioo kingine. Daktari hakuyataja meno hayo, lakini niliyaona yamejipanga nyuma ya maneno yake.

"Jicho," alisema, "kila mmoja wenu atengeneze lake. Mama atayajaribu yote mawili, na atakalolichagua ndilo atakalovaa. Na kuanzia hapo tutajua nani awe anachagua rangi humu ndani."

Nilisema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye mambo ni sawa. Lakini siku nzima nilitembea na jambo moja tu kifuani: jino la mkono wa mtu mwingine, kinywani mwa mke wangu. Ale nalo, anibusu nalo, acheke nalo kwenye harusi za wanetu, na kila akicheka mimi nimwone Flashi amekaa pale juu, upande wa kushoto. Kupoteza dirisha langu lilikuwa jambo moja. Hili lilikuwa jambo jingine kabisa, na sikuwa tayari kulivumilia.

Nikaamua kumjua adui. Siku ya pili nilimwendea Flashi nikamwomba anifundishe kamera.

Alifurahi mpaka nikaona haya. Akafuta mikono, akanivutia kigoda, akaniwekea kamera kiganjani kana kwamba ananipa kifaranga. Akanionyesha kwamba kitufe cha juu hakibonyezwi kwa hasira. Unakibonyeza nusu, unasubiri kijisanduku cha kijani kitokee, ndipo unamalizia. Mimi nilimalizia kabla ya kusubiri mara sita mfululizo, na picha zote sita zikatoka ukungu mtupu. Akanionyesha alama ya ua, ambayo inaiambia kamera kwamba unachopiga kiko karibu, pua kwa pua. Akanionyesha alama ya umeme, ambayo ni flashi yenyewe, na jinsi alivyobandika kipande cha tishu mbele yake ili mwanga usimwagike kwenye jino ukalifanya ling'ae uongo. Akanionyesha kisaa kinachoihesabia kamera sekunde kumi kabla ya kupiga, ambacho alisema kwa kazi yetu hakina maana.

Kisha akafungua menyu kuliko na mambo ya weupe. Palikuwa na vialama vimejipanga: jua, wingu, balbu.

"Hii ndiyo roho ya kazi, Fundi," alisema. "Kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka uiambie uko kwenye mwanga gani. Ukiwa dirishani unaweka jua. Ukikosea ukaweka balbu, kila kitu kinatoka bluu. Ukiweka wingu, kinaingia unjano."

Ili nielewe, akaweka kielelezo cha plasta dirishani, kile cheupe cha meno ya juu, akakipiga mara tatu kwa alama tatu. Akanipa kamera nizipitishe picha. Nikazipitisha kwenda na kurudi. Niliona plasta nyeupe, na plasta nyeupe, na plasta nyeupe.

"Unaona?" akauliza.

"Naona," nikasema.

Nilijiambia kwamba skrini ni ndogo, na vijana wa siku hizi hukuza mambo. Yeye akazichanganya picha, akanionyesha moja akaniuliza ni ipi. Nikasema ya jua. Akasema hiyo ni ya balbu. Nikamwambia nilikuwa namtania. Alicheka, ila alichelewa.

Sikulijali hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokifuata. Dirishani, balbu huharibu rangi. Hayo yalinitosha.

Jumanne mke wangu akaja. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Nilimkalisha dirishani, nikamfunika kitambaa cha kijivu, nikasogeza vijino vyangu. Nilihesabu tano, nikaangalia pembeni, nikahesabu tano tena. Zamani kijino kimoja kilikuwa kikijitokeza chenyewe kunijia. Siku hizi vitatu au vinne vilisimama pamoja kama mapacha, nami nikawa nachagua katikati. Nilichagua katikati, nikataja namba bila kusita.

Zamu ya Flashi ilipofika, alikwenda kunawa na kuvaa glavu. Kamera ilikuwa mezani. Nikaiwasha, nikaingia kwenye menyu, nikatoka kwenye jua nikaenda mpaka kwenye balbu, nikabonyeza katikati. Vidole vyangu vilikuwa wanafunzi wazuri. Nilipoinua uso mke wangu alikuwa ananitazama.

"Nafuta vumbi," nikamwambia.

Flashi akarudi, akamwambia mama acheke, akapiga picha moja. Akaitazama skrini. Kisha akabonyeza bonyeza vitu, akapiga tena, na tena, akaiweka kamera mfukoni mwa koti lake. Hakumwangalia mtu. Mimi nilitoka kwenda kupasha tanuri moto, nikawaacha wao wawili ndani. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, nikadhani ni habari za watoto wa shule.

Jino langu nililitengeneza kwa siku tatu. Sijawahi kutengeneza jino kama lile. Ncha yake niliipa ule ung'avu mwembamba ambao mtu huuona bila kujua ameuona, na pembeni nikaweka ule mkunjo mdogo ambao jino lake la zamani lilikuwa nao tangu nilipomuoa. Hilo Flashi asingelijua hata akipiga picha mia.

Siku ya kuchagua, Daktari akamkalisha mke wangu, akampa kioo cha mkononi. Akamvisha la Flashi kwanza, bila gundi. Mke wangu akajitazama. Likatolewa, likavishwa langu. Akajitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kiti, na kwa haki yangu nakwambia, niliona meno mawili ya rangi moja. Nikafurahi, nikajiambia kumbe balbu haikufanya kazi, binti ameiga rangi yangu. Cha tofauti kilikuwa ule mkunjo, na mkunjo ulikuwa wangu.

Mke wangu akashusha kioo akanitazama usoni. Halafu akamwambia Daktari, "Nachukua la mume wangu."

Daktari aliirudisha kabatini chupa ya gundi ya kudumu. Alisema ataligandisha kwa gundi ya muda kwanza, tuliangalie mwezi mmoja. Flashi akaliokota jino lake, akalitia kwenye bahasha ndogo, akaenda zake mezani. Mimi nilitembea kuelekea nyumbani na mke wangu mkononi kama bwana harusi. Nilimsifia jino njia nzima, yeye akaitikia kwa kichwa.

Siku za kwanza nilikuwa mtu mwema. Nilimkaribisha Flashi chai. Nilimwambia kamera si mbaya, kwa mtu anayeanza. Wiki ya pili ndipo nilipoanza kugundua mkono wa mke wangu. Alikuwa akicheka, mkono unapanda mdomoni. Akizungumza na jirani, mkono umo mdomoni. Alipokuwa na kisiki aliziba mdomo, nikaelewa. Sasa alikuwa anaziba nini? Nilimuuliza kama jino linamuuma. Akasema haliumi hata kidogo. Na kile kicheko kilichokuwa kinatangulia nyumbani kikawa kinafika pamoja naye, halafu kikawa hakifiki.

Nilidhani ni mazoea tu. Nikafikiria dawa: nitampiga picha nzuri, ajione alivyo, na hiyo picha tutaibandika ukutani kliniki wagonjwa wote waione. Jumamosi nikaiazima kamera kwa Flashi. Alinipa bila kuuliza, na betri akaijaza kabisa.

Jumapili nilimfuata mke wangu uani alikokuwa anaanika nguo. Nikaweka ua, nikaweka jua, nikamwambia acheke. Akafunga midomo akasema nimpige hivyo hivyo. Nikampiga akiwa kanuna, nikampiga akiwa na shuka mbele ya uso. Mara kamera ikagoma. Nabonyeza, haipigi, inalia tu kama kifaranga. Nikaigeuza nikachungulia tundu lake nikiisema, kumbe nilikuwa nimegusa kile kisaa cha sekunde kumi, na ikanipiga flashi katikati ya macho. Mke wangu alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Nami nikiwa naona nyota, nikakitoa kisaa, nikabonyeza nusu, nikasubiri kijani, nikamalizia. Mkono wake ulipanda, lakini ulichelewa.

Jumatatu niliingia karakanani na ushindi wangu. Nikampa Flashi kamera, nikamwambia atazame, na atoe nakala kubwa. Akaitazama. Alisema ni picha nzuri sana, mama amefurahi.

"Sikukuuliza picha," nikasema. "Nimekuuliza jino."

Akarudi kuitazama skrini. Nikamwambia aseme, asinifiche kama mtoto. Kwa kweli nilitaka asifu. Nilikuwa na njaa ya sifa yake kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

"Fundi," alisema, "kuna kitu kimoja sikukufundisha siku ile. Hata picha iliyokwisha pigwa, unaweza kuitoa rangi. Ikabaki nyeusi na nyeupe. Rangi ina maneno mengi. Ukiitoa unabaki na mwanga na giza tu."

Akaingia kwenye menyu, akabonyeza, kisha akaikuza picha mpaka kinywa cha mke wangu kikajaza skrini. Akanipa.

Nililiona. Safu nzima ilikuwa na mwanga, na katikati, juu, upande wa kushoto, palikuwa na jino moja limefifia, kama nyumba moja isiyowashwa taa kwenye mtaa mzima. Nililitazama bila kuhesabu tano. Ule mkunjo wangu mzuri ulikuwapo pembeni yake, na mtu yeyote angeona kwanza giza kabla hajaona mkunjo.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilitaka kusema kamera inadanganya, lakini niliyeiweka jua ni mimi mwenyewe. Flashi akavuta kigoda chake akakaa pia. Aliniambia kwamba mama yake alianza hivyo hivyo, akawa anashona vifungo vya bluu kwenye shati jeusi na kuwagombeza wao kwamba hawaoni. Alisema kwa upole, na upole wake ukanichoma kuliko kama angenicheka.

"Siku ile," nikamuuliza, "uliiona balbu?"

"Niliiona."

"Ukajua ni mimi?"

"Fundi, humu ndani tuko wawili."

Nikamuuliza mbona hakumwambia Daktari. Hapo akainamisha kichwa.

"Nilikuwa nakwenda kumwambia," akasema. "Mkeo akanishika mkono."

Kumbe zile sauti za chini hazikuwa habari za watoto wa shule. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa juu kabisa ya mti. Unajua nilichohisi kwanza? Wivu. Nilimwonea wivu Flashi kwa kuwa alikuwa na siri na mke wangu, na siri yenyewe ilikuwa mimi. Aibu ilikuja baadaye, ikakaa muda mrefu zaidi.

Nilimsubiri mke wangu barazani siku hiyo. Aliporudi nilimwambia nimeliona jino. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Akavua viatu taratibu, akakaa. Nikamuuliza kwa nini, wakati kioo alikuwa nacho mkononi, alichagua lile.

"Nilikuona ukigusa kamera," alisema. "Wewe, ambaye hujawahi kumpunja mtu hata punje ya kauri. Nikasema, mtu aliyefika hapo, nikimkataa leo mbele ya watu atafika wapi?"

"Lakini unaziba mdomo."

"Naziba. Nimeimba na watoto wangu wiki tatu mkono mdomoni, mpaka mmoja akaniuliza kama nataka kutapika." Sauti yake ilikuwa na hasira, na nilifurahi kuisikia. "Meno mengine ninayo, Baba. Mume wa akiba sina."

Nilimwomba radhi. Alisema radhi nikamwombe na yule binti, maana yeye ndiye aliyefanyiwa, na nikimaliza hapo niende nikapime macho.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Daktari kabla hajavaa koti. Nilimweleza yote, balbu na vumbi la uongo na meno matatu yaliyorudishwa. Nilimwambia alitoe jino langu avishe la Flashi. Daktari alinisikiliza, akasema gundi ile ya muda aliiweka kwa makusudi, alijua tutarudi. Naye alikuwa anajua. Katika kliniki nzima nilikuwa mtu wa mwisho kupata habari za kinywa cha mke wangu mwenyewe. Akaniandikia barua ya hospitali ya macho, akasema anavyodhani ni mtoto wa jicho, na kwamba hutolewa na mtu akaona tena. Mke wangu alipoisoma barua akasema uzee wote huu nimekwenda kupata mtoto bila kumshirikisha.

Flashi nilimwomba radhi mbele ya tanuri, kwa maneno machache, maana mengi yalinikwama. Alisema yamekwisha. Akafungua mtoto wa meza akatoa ile bahasha ndogo. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu, Mke wa Jicho. Alikuwa ameitunza wiki zote hizo.

Daktari aligonga jino langu mara moja kidogo, likatoka. Akavisha la Flashi, safari hii kwa gundi ya kudumu. Nikaomba kamera. Nilisema picha nitapiga mimi, na hakuna aliyenikatalia. Mke wangu nikamkalisha dirishani kwangu. Nikaweka ua. Nikaweka jua, kisha nikamwonyesha Flashi skrini athibitishe kuwa ni jua kweli, akaitikia. Nikabonyeza nusu, nikasubiri kijani.

"Cheka," nikamwambia.

Akacheka. Nikamalizia.

Nikageukia mwanga, nikaingia kwenye menyu, nikaitoa rangi. Nikakuza picha mpaka kinywa chake kikajaa, nikaanza kulitafuta. Nilitoka kulia nikaenda kushoto, jino kwa jino, nikarudi. Safu nzima ilikuwa imewashwa taa. Nililijua lilipo, mimi niliyempeleka mwenyewe kwa Daktari siku lilipovunjika, na bado sikuliona. Mkunjo wangu tu ndio haukuwapo, na nilitamani, Mungu anisamehe, kukosekana kwake kuonekane.

Nikamuuliza Flashi ametumia namba ngapi. Akanitajia. Nikachukua kalamu nikaiandika kwenye kadi ya mgonjwa, mahali ambapo kwa miaka ishirini na sita niliandika namba zangu, kisha nikamuuliza tena ili niwe na hakika.

Nyuma yangu mke wangu akacheka kwa nguvu, kicheko kile cha zamani cha kutangulia nyumbani. Flashi alikuwa amemnong'oneza jambo na sikulisikia. Wivu ukanipanda, sitasema uongo. Nikageuka kutazama mkono wa mke wangu. Ulikuwa umelala magotini.